Nilisema Si Ugonjwa wa Hospitali

Vijana wangu mnaoanza kazi ya tiba, mmenitumia ujumbe mkiniomba niwaandikie mambo ya zamani. Najua mnachokitaka. Mnataka niwasimulie jinsi tulivyokuwa tukichemsha mabomba ya sindano kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na jinsi siku moja nilivyomchoma sindano mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa amemsindikiza mkewe tu, kwa sababu alikaa kwenye benchi la wagonjwa na akaona haya kukataa. Hiyo ya mwenyekiti ni kweli, na kesho yake alirudi kunishukuru. Alisema kiuno kimeacha kumuuma.

Lakini nimekaa na karatasi hizi wiki nzima na nimeona kwamba hizo ni habari za kuchekea kwenye mapumziko ya chai. Mmekwisha kuzisikia. Nitawaandikia ile ambayo sikuisimulia kwenye chai hata mara moja.

Kwetu mimi ni milimani, kwa Wakaguru, watoto wa shule za misheni. Nimekua nikiungama kila Jumapili, wote kwa pamoja, kwa maneno yale yale ambayo hayamtaji mtu wala siku wala kosa. Nadhani nilizoea kuungama kwa namna hiyo, isiyoniuma.

Zahanati yangu ilikuwa upande wa Zombo, wilayani Kilosa, kwenye kijiji ambacho jina lake naliacha, kwa kuwa wahusika bado wapo. Ilikuwa na vyumba vitatu, bati la kijani, na tangi la maji lililovuja tangu siku lilipofungwa. Nilikuwa tabibu peke yangu, pamoja na muuguzi mmoja ambaye nusu ya mwaka alikuwa likizo au semina. Watu waliniita dokta. Mwanzoni nilikuwa nikiwasahihisha, nikiwaambia mimi ni tabibu, dokta yuko Kilosa. Baada ya miaka miwili nikaacha kuwasahihisha. Baada ya mitano, mtu akiniita kwa jina langu, Yona, nilichelewa kugeuka.

Asubuhi moja ya msimu wa mvua aliletwa binti wa miaka kumi na tisa aitwaye Mwajuma. Baba yake, Mzee Athumani, alikuwa mkulima wa ufuta na mahindi, mjukuu wa watu walioletwa huku na kazi za mkonge. Mama yake Mwajuma alifariki angali mdogo, akalelewa na shangazi yake, Bi Mwamini, dada mkubwa wa Athumani. Huyu alikuwa mjane asiye na mtoto, aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na shule. Ndiye aliyemleta, amemshika kiuno.

Kipimo kilionyesha malaria. Nikampa dawa mseto, akaitapika. Nikampa tena, akaitapika tena, mara hii kwenye viatu vyangu. Foleni ilikuwa imefika nje mpaka kwenye mti wa mwarobaini. Nikachukua sindano ya kuzuia kutapika, ile ya metoklopramidi, nikamchoma kwenye mshipa na kuisukuma yote kwa mara moja. Mmefundishwa kwamba ile husukumwa polepole, kwa dakika kadhaa. Na mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Kutapika kukakoma, akameza dawa yake, akaondoka ameegemea bega la shangazi yake. Nikajisifu moyoni kwamba nimefanya kazi nzuri.

Saa tisa alasiri walimrudisha wamembeba. Shingo ilikuwa imepinda kushoto mpaka kidevu kimegusa bega. Macho yalikuwa yamepanda juu, unaona weupe tu. Taya limebana, ulimi unachungulia pembeni. Nyuma yake kulikuwa na watu wapatao thelathini, na wengine walikuwa wanakuja.

Niliinama nikamwita jina. Akasema, kwa shida, maneno yakipita kwenye meno, kwamba ananisikia.

Hebu mtulie hapo. Alisema ananisikia. Mgonjwa wa degedege la kifafa hakusikii. Huyu alikuwa na akili zake zote, alijua jina langu, alijua alipo, alikuwa anatoka machozi kwa maumivu ya shingo. Hilo peke yake lilitosha kunifanya nikae chini nijiulize ameingizwa nini mwilini siku ile. Jibu lilikuwa kwenye daftari mezani, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mzee Athumani akaniuliza hiki ni kitu gani. Watu wote walinyamaza wanisikilize. Sikujua. Palikuwa na neno moja fupi la kusema, "sijui", na simu ilikuwa mfukoni, ningeweza kumpigia mkubwa wangu Kilosa. Lakini mbele ya watu thelathini dokta angesemaje hajui? Nikavua glavu taratibu, kama mtu aliyekwisha kufikia uamuzi, nikamwambia:

"Mzee Athumani, hii si ya hospitali."

Ndiyo hayo maneno. Niliyasema kwa sauti ya chini, lakini yaliwafika wote. Mara nikasikia mtu akiuliza msichana alikula nini alipotoka hapa. Mwingine akajibu kwamba alikunywa uji, na uji aliupika shangazi yake. Kisha mtu wa tatu akakumbusha kwamba siku mbili kabla, Athumani na dada yake waligombana kisimani mbele ya watu, kwa sababu Athumani alitaka kumwoza Mwajuma kwa mfanyabiashara mmoja wa ufuta naye Bi Mwamini hakutaka. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikisikia yote hayo yakiungana. Sikuongeza neno, wala sikupunguza.

Walimpeleka kwa mtaalamu wa tiba za asili. Dawa ya ile sindano yangu hukaa mwilini saa zake kisha hutoka, na mwili hulegea wenyewe. Kesho yake mchana shingo ikarudi mahali pake, na sifa akapewa mtaalamu. Naye alikuwa amekwisha kusema kwamba mkono uliofanya jambo hilo ni wa mwanamke wa damu moja na binti, na kwamba umepita kwenye chakula.

Wiki haikuisha Bi Mwamini akafukuzwa na mdogo wake. Alikuwa anakwenda Chanzuru, kwa ndugu wa marehemu mumewe. Alipita zahanati akiwa na kikarai chake cha vitumbua kichwani, akasimama mlangoni. Nikampa shikamoo yake, maana alinizidi umri, akaitikia. Kisha akaniuliza:

"Dokta, wewe umesoma. Hivi kweli uji wangu unaweza kupinda shingo ya mtu?"

Nikamjibu kwamba mambo ya familia yao siyaingilii. Nikavuta daftari karibu, nikaanza kuandika. Sikuwa na cha kuandika. Nilichora mistari mpaka nilipoona kivuli chake kimeondoka mlangoni.

Mwezi mmoja baadaye nilimsindikiza mama mjamzito kwenye kituo kimoja kule Mikumi, kando ya barabara kuu. Wakati nasubiri gari la kunirudisha, wakaingia madereva wawili wamemshika utingo wao. Shingo imepinda, macho juu, taya limebana. Nikasogea ukutani.

Muuguzi wa zamu alikuwa mama mmoja mnene, mtaratibu, karibu kustaafu, aitwaye Adelina. Hakushtuka wala hakuinua sauti. Aliuliza swali moja tu: tangu jana amepewa dawa gani? Madereva wakasema alichomwa sindano ya kutapika kwenye duka la dawa njiani. Adelina akavuta promethazini kwenye bomba, akamchoma, akavuta kiti akakaa, akaanza kumenya chungwa. Kabla hajalimaliza lile chungwa shingo ya kijana ilikuwa imenyooka, na kijana akaomba kipande.

Nilimwomba anieleze. Alinieleza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kupata, na mimi nawapa ninyi kama alivyonipa.

Alisema ubongo huzungumza na mwili kwa kemikali. Mojawapo inaitwa dopamini. Hiyo dopamini ina kazi nyingi. Kuna mahali kwenye ubongo inapogusa, mtu anatapika. Kuna mahali pengine inalainisha mwendo, ukitaka kugeuza shingo inageuka bila kukwama. Na pengine inahusika na hamu, ile hali ya mtu kuamka asubuhi akataka kufanya jambo. Sasa dawa ya kuzuia kutapika inaziba mlango wa dopamini. Tatizo ni kwamba dawa haichagui mlango. Kwa watu wengine, hasa vijana, na hasa wasichana, inaziba na ule wa misuli. Kuna kemikali nyingine inayoitwa asetilikolini, ambayo na dopamini huwa zinashikana mizani. Dopamini ikizibwa, hii nyingine inabaki haina wa kuituliza, misuli inavuta inavyotaka. Promethazini inaituliza, mizani inarudi.

Kisha akaniuliza, huku akijifuta mikono, kama huko kwangu sijawahi kuona kitu kama kile.

"Hapana," nikamwambia. "Sijawahi."

Kosa la kwanza, vijana, lilikuwa la kutojua, na kutojua kunasameheka. Hilo la pili nililifanya mchana kweupe, nikijua, kwa mama aliyenipa kipande cha chungwa.

Njia nzima ya kurudi nilipanga jinsi nitakavyomwendea Mzee Athumani. Nilipopita mbuga na kuingia barabara ya vumbi nilikuwa nimeshapanga sentensi ya kwanza. Tulipofika kijiji cha Ulaya, njiani, nilikuwa nimeibadilisha. Nilipofika kijijini niliona ni afadhali nisubiri watu watulie kwanza. Kisha ukaingia msimu wa kupalilia, nikasema watu wana kazi. Kisha nikasema kwamba yamepita, Bi Mwamini amekwisha kupata pake Chanzuru, kulifufua jambo ni kuwatesa. Mtu anayetafuta sababu ya kunyamaza hazikosi, na mimi nilikuwa na mpya kila mwezi.

Nikawa mwema kwenye kila kitu isipokuwa hicho kimoja. Sindano ile nikaisukuma polepole, nikapunguza dozi kwa vijana, mara nyingi nikaiacha kabisa nikatumia maji ya chumvi na sukari, kijiko kimoja kimoja. Promethazini haikukosekana kabatini kwangu. Kwenye semina moja pale Kilosa niliinuka nikawaeleza wenzangu habari ya dopamini na milango yake, nikatoa mfano wa mgonjwa "wa sehemu fulani". Walinipigia makofi. Mmoja wenu alikuwepo, na aliwahi kuniambia ndiyo siku aliyoipenda kazi hii. Sikujua nimtazame wapi.

Elimu ile ilinisaidia pia kumtambua mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekuja kwa sababu mkewe alimsukuma aje. Mke ndiye aliyelalamika. Alisema mume wake ana kinyongo naye, mwaka wa tatu sasa hajamchekea. Nikamtazama mzee: uso umekaa kama umepigwa pasi, hapepesi macho, mkono wa kulia unatetemeka ukiwa umetulia pajani, na akitembea anaburuta hatua fupi fupi. Nikamwomba aandike jina lake, herufi zikaanza kubwa zikaishia kama sisimizi. Huyo dopamini yenyewe ilikuwa inakauka ubongoni, hakuzibwa na mtu. Nikamwandikia rufaa kwenda Morogoro, nikasisitiza kwa wino mwekundu kwamba asichomwe ile sindano ya kutapika, maana kidogo alichobaki nacho kingezibwa. Baada ya miezi walirudi na jogoo. Mzee alinionyesha meno mawili. Mkewe akasema sasa amezidi, anacheka hata msibani.

Nilicheka nao. Walipoondoka nilimtazama yule jogoo nikaona simstahili, kwa kuwa yote niliyoyajua kuhusu dopamini niliyajua kwa shingo ya Mwajuma.

Na Mwajuma mwenyewe nilikuwa namwona. Alikuwa anakuja. Yule mfanyabiashara wa ufuta alikuwa ameghairi, hataki mke mwenye mashetani. Binti alikuwa amekonda, hali, anaamka alfajiri na hawezi kulala tena, anasema hana hamu na kitu chochote, hata redio inamuudhi. Nikampima malaria, hana. Nikamweleza kwamba huzuni ikikaa muda mrefu inaingia mpaka kwenye kemikali za kichwani, kwamba ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine na si uvivu. Nikampeleka kwenye kituo cha afya akaandikiwa vidonge vya amitriptilini, na nikamfuatilia kila mwezi kama inavyotakiwa. Ilimsaidia kidogo, usingizi ulirudi.

Siku moja aliniuliza kwa nini, kama ni kemikali tu, kila akisikia harufu ya vitumbua analia. Nikamwambia avumilie, dawa huchukua wiki kadhaa. Vijana, kemikali za ubongo hazitengenezwi na vidonge peke yake. Zinatengenezwa pia na mambo yaliyompata mtu. Binti yule alikuwa ametenganishwa na aliyemlea, na aliamini kwamba huyo aliyemlea alitaka kumuua. Mimi nilikuwa na maneno ya kuliondoa hilo, nami nikawa namhesabia vidonge.

Miaka ikapita. Mwajuma akaolewa na fundi baiskeli wa pale pale kijijini, akapata mimba. Akawa anatapika. Siku moja alikwenda Mikumi na mumewe kutafuta vipuri, hali ikamzidi, akaingia duka moja la dawa. Wakamchoma ile ile. Angejuaje kukataa? Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mwili wake haupatani nayo.

Waliniita nyumbani kwa Mzee Athumani saa kumi jioni. Nikaona shingo ile ile, upande ule ule. Uwanja ulikuwa umejaa. Nikauliza swali la Adelina, mumewe akanijibu, nikafungua mkoba. Robo saa haikufika Mwajuma alikuwa amekaa wima anakunywa maji.

Mzee Athumani akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akanieleza kwamba mwanamke yule sasa anafanya kazi kutoka mbali, hata Chanzuru hakumzuii, na kwamba vijana wa ukoo wamekwisha kuondoka na pikipiki mbili kwenda kummaliza ubishi.

Nilisikia. Nataka mlielewe hilo vizuri. Kutoka pale mpaka Chanzuru ni lazima wapite Kilosa mjini, ni mwendo wa zaidi ya saa nzima, na wale vijana walikuwa na simu. Ingetosha nimwambie mzee awapigie, awaambie ni sindano. Yeye alikuwa bado amenishika mkono, ananitazama kama mtu aliyemtoa mwanawe kaburini. Nikamwambia kwamba nimempa dawa ya kutuliza misuli na kwamba apumzike. Nikafunga mkoba, nikaenda nyumbani, nikala chakula changu.

Kule Chanzuru walitupa nje vyombo vya Bi Mwamini, wakavunja jiko lake, wakamsukuma akaangukia kizingiti. Majirani waliingilia, hakufa. Habari zilinifikia kesho yake kupitia kwa muuza samaki.

Mtadhani nilikwenda siku hiyo. Nilikuwa nimebakiza miezi saba nistaafu, na niliogopa kuulizwa na wakubwa. Nikasubiri miezi saba. Barua ya kustaafu ilipokuwa mkononi, nikafanyiwa sherehe, nikapewa shuka na saa ya ukutani, mwenyekiti akasema nilikuwa dokta wa watu. Juma lililofuata nikapanda basi kwenda Kilosa, na bodaboda mpaka Chanzuru.

Nilimkuta ameketi kwenye mkeka anachagua mchele. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia, akanionyesha kigoda. Nikamweleza yote, kuanzia sindano niliyoisukuma haraka, mpaka Mikumi, mpaka ile jioni ya pikipiki. Niliyasema mfululizo kama mtu anayetapika. Hakunikatiza. Aliendelea kuchagua mchele mpaka nilipofika kwenye Mikumi, hapo akauacha.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Mwezi mmoja baada ya wewe kuondoka."

"Mwezi mmoja."

"Ndiyo, Bi Mwamini."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nayatamani. Nikamwomba anisamehe. Akaniambia kwamba hilo niliache kwanza, si la leo. Akasema mimi sikumsingizia chumbani, nilimsingizia mbele ya watu.

"Kaseme kule," akaniambia. "Useme na Mwajuma akiwepo. Mimi nimeshasikia."

Mtendaji wa kijiji aliniruhusu kwenye mkutano uliofuata, akidhani nataka kuaga. Nilisimama pale nilipowahi kusimama mara nyingi kuwahimiza watu watumie vyandarua. Nikaeleza. Sikutumia maneno ya semina. Nilisema: mimi ndiye niliyepinda shingo ya Mwajuma, kwa sindano yangu, na uji haukuwa na kitu. Nilisema nilijua tangu mwaka ule ule.

Kulikuwa na minong'ono. Kijana mmoja akacheka. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba dokta naye ameshalogwa na yule mwanamke, haoni anavyomtetea? Wengine wakakubaliana naye, na wapo wanaoamini hivyo hadi leo. Mzee Athumani alichukua baiskeli yake akaondoka bila kuniangalia. Hajawahi kunisemesha tena. Nilifikiri angekwenda kwa dada yake, lakini hakwenda. Nadhani na yeye ana aibu yake, na anaishi nayo jinsi nilivyoishi na yangu.

Mwajuma alikuwa amekaa mbele na mtoto mgongoni. Aliinuka.

"Dokta," akasema, "nilipokuja kwako nikalia kwa ajili ya shangazi, ulikuwa unajua?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa najua.

Akatikisa kichwa, akakaa. Siku ya pili alifunga nguo zake na za mtoto kwenye kanga, akaenda Chanzuru. Mumewe alimfuata baada ya wiki mbili na vifaa vyake vya ufundi, na sasa ana kibanda huko.

Nilimwandikia Mwajuma kadi ngumu, kwa wino usiofutika, jina la sindano na onyo kwamba asipewe, ili aionyeshe popote atakapotibiwa. Nanyi fanyeni hivyo. Mgonjwa akipata madhara ya dawa, mwandikieni kwenye kadi yake siku hiyo hiyo, na mwambieni kwa mdomo, na mwambieni aliyemleta. Kabla hamjasema ni pepo, ni kichaa, ni ulevi au ni jeuri, ulizeni amemeza nini na amechomwa nini tangu juzi. Na mkiwa hamjui, semeni hamjui. Nimewahi kusema neno hilo mara nyingi tangu nistaafu, na hakuna aliyeacha kuniamkia kwa sababu yake.

Kadi ile niliipeleka mwenyewe. Mwajuma aliipokea, akaisoma yote, akaiweka ndani ya kitabu cha kliniki cha mtoto. Hakusema asante na sikuitarajia. Nilipokuwa naaga, Bi Mwamini aliniita jikoni. Alikuwa anakoroga unga wa vitumbua kwa mkono wa kushoto. Akaniambia nikae, akaninyooshea mkono wa kulia, akauweka juu ya viganja vyangu.

Niliushika kama nilivyoshika mikono ya watu maelfu. Mfupa wa kifundo ulikuwa umevunjika siku ile ya kizingiti, ukaungana vibaya. Kiganja kilikuwa kimeinamia nje, vidole viwili havikunjiki. Nikamuuliza kwa nini hakwenda hospitali, wakati ule ungewekwa sawa.

"Ningekwendaje?" akasema. "Hospitali ndiyo iliyosema ni mimi."

Nilimwambia kwamba sasa umechelewa, kwamba labda mabingwa wa mifupa Morogoro, lakini siwezi kumwahidi kitu. Akasema anajua. Akasema hakuniita nimtibu, aliniita niuone.

Nikauona. Aliuacha mikononi mwangu mpaka mafuta yalipopata moto, kisha akauchukua, akageukia kikarai, akaendelea kukoroga.